Barua ya Wazi kwa Mabinti Madijei wa Mombasa

Wajukuu zangu mnaopiga dijei, wa Majengo, Kisauni, Likoni, Bamburi, Changamwe na kokote kwingine mliko katika mji wetu huu,

Assalaam alaykum. Na wale ambao si Waislamu, hamjambo. Mapenzi yangu kwenu ni yale yale.

Mimi ni nyanya wa Kibokoni, Mji wa Kale, miaka 71. Wengi wenu hamnijui, ila mama zenu na shangazi zenu huenda wananikumbuka. Ni yule mwanamke aliyekuwa akija kwenye makesha ya harusi na redio kaseti kubwa begani, akaketi karibu na wapiga vugo, zile pembe za harusi zinazopigwa kwa vijiti, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuwaomba watoto wanyamaze. Kwa miaka 22 nilikuwa na kibanda cha kanda. Nilirekodi, nikanakili, nikauza. Nimekula na kulea watoto kwa sauti za wanawake wengine, na katika maisha hayo liko jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nitafika hapo.

Kilichonifanya niandike ni kupamba, ile shughuli ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, nilikoalikwa mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja wa Ganjoni. Wanawake watupu, simu zimekusanywa mlangoni ndani ya mfuko wa leso kama ilivyo desturi siku hizi. Kwenye mashine alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amevaa dera la buluu, hedifoni sikio moja. Alianza taratibu na taarabu za rika langu, sisi wazee tukawa tunajipepea na kutikisa vichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia. Chakacha, ile ngoma yetu ya viuno, ilikuwa inaendelea, ngoma zimeshika, naye akapenyeza chini yake mdundo wa hip hop, mzito, wa polepole, mpaka mabinti na mama zao wakawa wanatikisika kwa kitu kimoja. Jirani yangu mwenye magoti mabovu, ambaye tulimsaidia kushuka kwenye tuktuk, alisimama mwenyewe bila ya kushikwa.

Shughuli ilipokwisha mama wa bibi harusi alishika maikrofoni akashukuru. Mpishi wa biriani alitajwa kwa jina. Aliyepaka hina alitajwa kwa jina na mtaa wake. Mshonaji, mpambaji wa ukumbi, hata aliyeleta viti. Binti wa mashine alikuwa ameinama akikunja nyaya. Nikamwendea, nikamwuliza, "Mwanangu, jina lako nani?" Akanijibu, "Mimi ni dijei wa fulani," akamtaja mwanamume mwenye spika. Nikamwambia, la, nauliza jina lako wewe. Akaona haya, akatazama chini, kama mtu aliyeulizwa jambo la ndani.

Usiku ule sikupata usingizi. Tangu hapo nimekuwa nikimsumbua mjukuu wangu, naye ni mmoja wenu, anisomee na anioneshe habari za wanawake waliowatangulia katika kazi hii. Nimesikiliza mengi. Nitawapa yale yaliyonishika.

Hip hop ina siku ya kuzaliwa ambayo watu huitaja: tarehe 11 Agosti 1973, mtaa wa Bronx, New York, jengo nambari 1520 Sedgwick Avenue. Kijana aliyezaliwa Jamaika, Clive Campbell, anayejulikana kama Kool Herc, alikuwa kwenye mashine. Yeye ndiye aliyepata sifa ya kuchukua nakala mbili za santuri moja na kuirefusha ile sehemu ambapo waimbaji hunyamaza, ngoma zikabaki peke yake. Huku ikiisha, kule inaanza upya. Hayo twayasikia. Lakini sherehe yenyewe ilikuwa ya dada yake, Cindy. Alitaka pesa za nguo mpya za kurudia shule. Akakodi chumba cha shughuli katika jengo lao, kadi za mwaliko zikaandikwa kwa mkono, kiingilio kikawa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Mimi nami nilikuwa msichana mwaka ule, na nilipolisikia hilo nilimwona Cindy kama jirani. Hapa kwetu pia, ukichimba chini ya shughuli yoyote iliyofana, utamkuta mwanamke aliyehesabu viti, akapanga kiingilio na kukopa sufuria.

Ninayetaka mumjue zaidi ni Deidra Roper.

Alizaliwa mwaka 1971. Ni mtoto wa Brooklyn. Mwaka 1987, bado mwanafunzi wa sekondari, alichukuliwa kuwa dijei wa Salt-N-Pepa, wanawake wawili waliokuwa wakirap. Hakuwa mwanamke wa kwanza kabisa kugusa santuri. Bronx ilikuwa tayari imewatoa Wanda Dee, aliyeonekana katika filamu ya Beat Street mwaka 1984, na Jazzy Joyce. Lakini huyu ndiye ambaye dunia nzima ilimwona. Msichana nyuma ya mashine, mbele ya maelfu ya watu, mikono yake ndiyo inayoamua waimbaji waanze lini na wanyamaze lini. Akaitwa Spinderella.

Na jina hilo, wajukuu zangu, alilikuta. Kabla yake kulikuwa na msichana mwingine, Latoya Hanson, ambaye ndiye aliyekuwa Spinderella wa mwanzo wa kundi lile. Alipotoka, binti aliyekuja akavishwa jina lile lile. Yeye akalijaza kwa kazi yake mpaka watu wakasahau kwamba liliwahi kuwa la mtu mwingine. Alifanya kazi kweli. Albamu yao ya mwaka 1993 ilithibitishwa kwa mauzo ya milioni 5 Marekani peke yake. Mwaka 1995 walipata tuzo ya Grammy. Kundi lilipovunjika mwaka 2002 hakukaa akingoja kuitwa. Alifanya redio huko Los Angeles, akaendelea kupiga santuri kumbi mbalimbali, na kundi liliporudi, naye akarudi.

Halafu, Januari 2019, kwa maelezo yake mwenyewe, akapokea barua pepe ya kumwondoa katika maonyesho ya kundi. Zaidi ya miaka 30 tangu aingie. Mwaka huo huo alikwenda mahakamani akidai mirabaha ambayo alisema hakulipwa, na akilalamika kuwa jina lake lilitumika isivyo halali. Sikuwapo na sitahukumu. Wenzake wawili nao ni wanawake waliofungua njia ilipokuwa imefungwa, na nisingependa hata mmoja wenu asome haya akawachukia. Ninachokitazama mimi ni jina la kundi. Salt-N-Pepa. Kwa lugha yetu ni chumvi na pilipili. Basi. Hakuna neno la tatu. Tangu siku ya kwanza, tangu kwenye bango, aliyeshika santuri alikuwa nje ya jina, na miaka thelathini ya jasho haikumwingiza humo.

Novemba 2025 kundi liliingizwa katika Rock & Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki huko Marekani, na siku ile walikuwa wote watatu jukwaani. Mjukuu wangu alinionesha kwenye simu. Nilimwomba arudishe nyuma, nikamtazama Spinderella tena na tena, na nililia mbele ya mtoto bila ya kujificha.

Sasa nawarudisha nyumbani. Mwamjua Siti binti Saad wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, aliyekuwa akitembeza vyungu vya mamake kuuza. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Alidharauliwa kwa sura yake na kwa ushamba wake, wakamtungia maneno. Lakini leo miaka karibu mia imepita na twamtaja, kwa sababu nyimbo zilipowekwa kwenye santuri, jina la mwenye sauti liliwekwa pamoja nazo. Mtoto aliyezaliwa baada yake anaweza kuokota santuri ile na kusema, huyu ndiye.

Mimi sikufanya hivyo. Hili ndilo jambo langu.

Nilianza kurekodi mwaka 1979. Mwanamke kuingia kwenye kupamba na mashine ya kurekodi ilikuwa jambo jipya, na nilipata ruhusa kwa sababu mamangu alikuwa mpiga vugo na nilijulikana. Nilirekodi vugo, chakacha, nyimbo za kumtoa bibi harusi ndani, za kumliwaza, za mafumbo ya mawifi. Zile pembe zikipigwa kwa vijiti, wanawake arobaini wakiitikia, ukuta wa nyumba ulikuwa ukitetemeka mgongoni mwangu. Nikirudi kibandani natoa nakala, juu ya jalada naandika kwa kalamu shughuli na mtaa: Vugo, Kuze. Au: Kesha, Mkanyageni. Na tarehe. Majina ya waimbaji sikuyaandika.

Wako walionikataza, kwa sitara zao, na hao niliwaheshimu na ningewaheshimu hata leo. Lakini walio wengi sikuwauliza. Niliona kwamba kila mtu awajua. Nani asiyeijua sauti ya fulani? Mji ulikuwa mdogo, sauti ikisikika dirishani watu husema, leo yuko kwa kina fulani. Sikufikiri kwamba wanaojua pia hufa.

Kuna mfanyabiashara mmoja aliyechukua kanda zangu, akazinakili kwa mamia na kuziuza hadi nje ya Pwani bila ya kunipa hata shilingi. Niliumia, nililalamika kila baraza kwamba nimeibiwa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojiuliza: mimi niliyelalamika, waimbaji wale nilikuwa nimewapa nini? Nakala moja ya bure na soda.

Kisha siku moja akaja mwanamke kibandani. Mamake alikuwa mmoja wa waitishaji wa vugo, alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Akaniambia, naambiwa wewe una sauti ya mamangu. Nilikuwa na kanda zaidi ya mia. Tulikaa siku tatu, mashine ikizunguka tangu baada ya adhuhuri hadi magharibi. Mimi masikio yangu yalikuwa yamejaa sauti za miaka ishirini, zimechanganyika. Yeye alikuwa mdogo mno mamake alipofariki, hakuikumbuka. Kila sauti ilipoanza alikuwa akinitazama usoni. Hatukuipata, au tuliipata tusijue. Siku ya tatu alinishukuru kwa adabu zote akaenda zake, na sijawahi kumwona tena.

Kwa hivyo binti aliponijibu kwamba yeye ni dijei wa fulani, ilikuwa ni kama namsikia mama yule akiitisha vugo kwenye kanda isiyokuwa na jina.

Jina lako lichague wewe. Usikubali kuvishwa jina na mwenye spika, au na kundi, au na kituo cha redio, kwa sababu aliyekuvisha anaweza kukuvua na kumpa mwingine. Ukiwa umekwisha kulipata, lifanyie kazi: lisemwe kwenye maikrofoni mwanzo na mwisho wa shughuli, liandikwe kwenye bango kwa herufi zinazosomeka, lisisitizwe kwa mama wa bibi harusi kabla ya siku yenyewe. Mwambie, "Bi, ukishukuru, nami nitaje." Si ujeuri. Mpishi hutajwa kwa sababu tangu zamani alidai kutajwa. Na likikua, likawa na thamani, alama za biashara hapa Kenya husajiliwa na KIPI, taasisi ya serikali ya haki miliki za viwanda. Nendeni mkaulize taratibu zake nyinyi wenyewe, msimtume kaka.

La pili ni maandishi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sioni penye ukweli zaidi wa maneno hayo kuliko katika kazi ya usiku. Sizungumzii wakili na mihuri. Nusu ukurasa, hata ujumbe wa simu: tarehe, ukumbi, saa ya kuanza na ya kumaliza, malipo kiasi gani, arbuni, yaani malipo ya kutangulizwa, kiasi gani na italipwa lini, nani anabeba mashine, nani anawarudisha nyumbani, na je, kinachopigwa kitarekodiwa, na kikirekodiwa ni cha nani. Mteja ajibu, "Nimekubali." Jibu hilo ulihifadhi. Kama mwafanya kazi wawili au watatu kama kundi, andikeni siku ile ya kwanza, mkiwa bado mwapendana na pesa hamna, kwamba kila mmoja ana fungu gani, na siku mmoja akitoka, anatoka na nini. Kumbukeni chumvi na pilipili.

Najua ugumu uliopo. Nusu ya kazi zenu ni za ndugu. Shangazi akikuita kwenye harusi ya binamu, utamwambiaje habari ya arbuni? Mimi nawaambia mwambieni. Kwa upole, kwa heshima, umemshika mkono: "Shangazi, nitakupunguzia kwa sababu ni wewe, lakini tuandikiane." Akikasirika, atakasirika wiki moja. Mimi nilifanya harusi za ndugu bure kwa miaka mingi, na nilipougua hawakunijia kwa kuwa nilikuwa nimewazoesha kwamba mimi sihitaji kitu.

Kuhusu ufundi mwajua kuliko mimi, ila ruhusuni masikio ya kizee yaseme neno. Yule binti wa Ganjoni alichofanya si bahati. Chakacha huhesabiwa kwa sita: moja-mbili-tatu, nne-tano-sita. Hip hop huhesabiwa kwa nne. Ukizisukumia pamoja ovyo zinagongana kama mikokoteni. Lakini ukilifanya lile pigo la kwanza na lile la nne la chakacha yaangukie juu ya mapigo ya hip hop, basi kila pigo moja zito linabeba matatu mepesi mgongoni, na kiuno kinaelewa kabla ya kichwa. Jambo hili kompyuta haiwezi kukufanyia, kwa kuwa aliyeitengeneza hajawahi kukaa kwenye kesha la Kibokoni. Hapo ndipo mlipo na kitu ambacho dijei wa New York hana. Mjukuu wangu anazo programu za kulinganisha midundo kwa kubonyeza mara moja, na sizilaumu. Lakini nimemwambia ajifunze pia kwa mkono na sikio. Umeme wetu mwaujua, laptopu huzima, na mwenye mikono haaibiki. Grand Wizzard Theodore, kijana wa Bronx anayetajwa kuwa ndiye aliyegundua kukwaruza santuri, husimulia kwamba ilitokea mamake alipokuja kumkemea kwa kelele. Akaizuia santuri kwa vidole ili amsikilize, na vidole vikamfundisha. Ufundi huu ulizaliwa mkononi.

Na mashine zenu zifunikeni. Hewa yetu ya chumvi hula tundu za nyaya na vitelezi vya mikisa kimyakimya, mpaka siku ya shughuli ndipo uanze kusikia mikwaruzo. Kitambaa kikavu, kila usiku, hata ukiwa umechoka.

Masikio pia. La kushoto langu halisikii tena vizuri, ndilo nililokuwa nikiwekea hedifoni. Wataalamu wa afya ya kazi husema sauti ya desibeli 85 mtu aweza kuivumilia saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo hukatika nusu. Zikifika 100, ni robo saa tu. Kumbi zenu hupita hapo. Kuna vizibo vya masikio vya wanamuziki, vyapunguza sauti bila ya kuiharibu. Nunueni kabla ya kununua taa za rangi.

Sasa la amana, na hili naliandika kwa uzito wote nilio nao. Kupamba ni mahali ambapo wanawake wamevua mabuibui. Wamekuruhusu wewe uingie, na sababu moja kubwa ya wao kukuita wewe badala ya dijei mwanamume ni hiyo. Hii ndiyo kazi ambayo Mombasa imewawekea akiba, na yaweza kuwalisha maisha yenu yote. Picha moja ikitoka kupitia mezani pako, hata kama ni rafiki yako aliyekuja kukushikia waya ndiye aliyeipiga, umewafungia mlango wenzako wote. Anayekuja kukusaidia mjue. Simu yako nayo iende mfukoni pamoja na za wageni, au kama inapiga muziki, kamera yake izibwe kwa karatasi mbele ya macho ya mwenye shughuli. Ombeni wenyewe kuzibiwa. Mtaheshimiwa.

Usiku wa manane msirudi peke yenu na mashine. Nasema hasa na wa Likoni wanaongojea feri na wale wanaotoka Mtwapa. Usafiri wa kurudi ni sehemu ya malipo, na mteja asiyeweza kumrudisha binti wa watu nyumbani kwao salama, kazi yake iacheni.

Kuna wanaowaambia kwamba kazi hii haifai mwanamke. Mambo ya dini mimi si mwanachuoni, kila mmoja wenu ana wazazi na ana walimu wake, wasikilizeni na mpime kwa nia safi. Lakini anayesema ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na televisheni, mwambieni akaulize habari za lelemama, ngoma ya wanawake wa Pwani. Mombasa hii ilikuwa na vyama vya wanawake, Banu Saada na Ibinal Watan, vyenye viongozi wenye vyeo, sare zao, michango yao, na vikishindana mji mzima ulikuwa ukizungumza. Bibi zetu walijua kuhesabu mapigo, kujipanga na kushika hazina ya chama kabla ya mimi kuzaliwa. Nyinyi leo mko mmoja mmoja, kila mtu na mteja wake, mwapunguziana bei mpaka mwenye ukumbi anacheka. Kaeni pamoja. Hata mara moja kwa mwezi, hata kwa chai na mahamri tu, mkubaliane kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake, na aliye na mkopo wa spika asaidiwe ili asije akaitwa dijei wa mwenye spika.

Barua imekuwa ndefu. Liko ombi moja.

Kanda zangu bado ninazo, 114, ndani ya masanduku mawili ya bati chini ya kitanda. Baadhi zimeota ukungu. Mashine yangu mkanda wake wa ndani umekatika, lakini fundi wa Mwembe Tayari amesema atanipatia mwingine. Katika wale wapiga vugo wa miaka ya themanini, wanne ninaowajua bado wako hai, mmoja haoni tena lakini masikio yake ni mazima. Wamekubali kuja kwangu kila Alhamisi baada ya alasiri, tusikilize kanda moja baada ya nyingine, na wao waseme: huyu ni fulani, huyu ni fulani binti fulani, huyu alitaka asitajwe. Mimi macho yangu hayawezi tena kuandika herufi ndogo kwenye majalada. Nahitaji mikono ya vijana, yenye kalamu na daftari, na mtu anayejua kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda hadi kwenye kompyuta bila ya kuiharibu. Ni sauti za faragha, hazitatoka nje ya chumba bila ya idhini ya wenyewe au watoto wao. Mkisikia pigo linalowafaa, tutawaombea ruhusa.

Njooni. Nyumba yangu, ukifika Kibokoni, uliza nyanya wa kanda, watakuonesha. Na wewe binti wa dera la buluu, kama barua hii imekufikia, uje wa kwanza, na ukifika mlangoni, kabla ya hodi ya pili, nitajie jina lako.

Ni mimi nyanya yenu,
Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa